Kosa Lenye Kiswahili Safi

Kwa miaka mingi tapeli wa simu tulimjua kwa lugha yake. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uliingia bila salamu, bila nukta, na jina la mpokeaji halikufanana na la mtu yeyote unayemjua. Mtu mzima aliusoma, akacheka, akaufuta. Barua yenye kumbukumbu namba nayo, ikifuatiwa na "YAH:" kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, kisha "Husika na somo tajwa hapo juu", ilipokelewa kwa heshima hata kabla haijaeleweka. Aliyeandika vizuri alidhaniwa anajua anachokisema. Kipimo hicho kiliwaonea wengi, hasa wenye ujuzi wasio na shule ndefu, lakini kilikuwa na mantiki yake. Kuandika vizuri kulitaka muda na elimu, na matapeli wengi hawakuwa na subira navyo.

Kipimo hicho kimekufa. Kampuni ya OpenAI iliifungulia dunia ChatGPT, mashine inayoandika kwa kuagizwa, tarehe 30 Novemba 2022. Wakafuata Gemini, Claude, Copilot, na ile ya Meta iliyojipenyeza ndani ya WhatsApp bila wengi wetu kuiomba. Leo barua yenye nidhamu zote za ofisi inapatikana kwa sekunde chache na bando la jero. Anayeomba kazi anaipata, anayeomba eneo la kufanyia biashara anaipata, na yule wa "tuma kwenye namba hii" anaipata pia.

Sina ugomvi na hilo. Mtu aliyekuwa anamlipa mwandishi nje ya ofisi ya wilaya ili aandikiwe ukurasa mmoja ana haki ya kufurahi. Ninachobishana nacho ni namna tunavyoijadili akili mnemba (AI kwa Kiingereza; akili unde, kwa wanaopendelea neno hilo). Kwenye redio na mitandaoni tunaulizana kama mashine ina akili kweli, kama itatunyang'anya kazi, kama vijana wataacha kufikiri. Kwa mtu anayetaka tu kumaliza kazi ya leo, kuna swali dogo zaidi lenye faida zaidi: mashine ikikosea, nani ataliona kosa, na ataliona kabla ya hasara au baada yake?

Nalisema hivyo kwa sababu ya jinsi mashine hizi, zinazoitwa modeli, zinavyotengenezwa. Muundo wake, uliochapishwa na watafiti wa Google mwaka 2017, hufunzwa kwa kazi moja ya msingi: ukipewa maandishi, kisia kipande kinachofuata. Modeli inakisia, inarekebishwa, inakisia tena, kwa maandishi mengi kuliko anayoweza kuyasoma binadamu hata akizaliwa mara elfu. Baadaye watu huifunza zaidi ili ijibu kwa adabu, ifuate maagizo na ikatae mambo fulani. Baadhi ya watu hao walikuwa Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza namna wafanyakazi nchini Kenya walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka.

Katika utaratibu huo, kinachofunzwa moja kwa moja ni ufasaha. Ukweli unaingia kwa sababu maandishi mengi yanasema kweli. Mahali ambapo maandishi ni mengi na yanakubaliana, kama vile kanuni za hesabu za sekondari au namna ya kupanga fomula kwenye Excel, modeli hujibu vizuri kuliko rafiki zangu wengi. Mahali ambapo maandishi ni machache, ukweli unapungua lakini ufasaha unabaki palepale. Sentensi haitetemeki, na msomaji hana pa kuishika.

Na Kiswahili ni mojawapo ya mahali hapo. UNESCO inawahesabu wazungumzaji wake kuwa zaidi ya milioni 200. Lakini katika Common Crawl, mkusanyo wa kurasa za wavuti ambao ni chanzo kikubwa cha maandishi ya kufunzia modeli, Kiingereza huchukua zaidi ya asilimia 40 na Kiswahili hakifiki hata asilimia 0.1. Hicho kidogo chenyewe, sehemu kubwa ni habari, maandiko ya dini na tafsiri. Lugha ya gereji, ya dalali wa viwanja, ya mama anayeuza dagaa kwa jumla Kirumba, ya makarani wa mahakama za mwanzo, haimo au imo kwa chembe. Ndiyo maana modeli ikiandika Kiswahili inasikika kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku: safi, na haijui bei ya kitu.

Kuna na gharama isiyoonekana. Modeli haisomi maneno, inasoma vipande, na vipande hivyo vilikatwa kwa kufuata lugha zilizojaa kwenye mkusanyo. Neno kama "tulivyokubaliana" hukatwa mara kadhaa, ilhali neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja. Kampuni zinazowauzia huduma hii watengenezaji wa programu hutoza kwa kipande. Kijana anayejenga huduma ya Kiswahili kwa wateja wa Mwanza au Kisumu analipa zaidi kwa ujumbe uleule. Wapo wanaojaribu kuliziba pengo hili, kama Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika, na watu waliojitolea sauti zao za Kiswahili katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, lakini wanafanya kwa mikono kile ambacho Kiingereza kilikipata bure.

Tuje kwenye kazi zenyewe.

Mwalimu wa shule ya msingi Tanzania anadaiwa azimio la kazi na andalio la somo. Akiiambia modeli "niandikie andalio la somo la sayansi, darasa la tatu", atapata jedwali zuri lenye muda, utangulizi, maarifa mapya, tathmini. Huenda likawa limefuata mpangilio wa zamani, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 na maandishi mengi yaliyoko mtandaoni ni ya kabla ya hapo. Lakini mwalimu huyo ana muhtasari wa somo mezani. Akiunakili na kuubandika kwanza, kisha akaomba andalio lifuate huo tu, kazi inatoka nzuri na jioni yake inabaki yake. Kosa likibaki, ataliona yeye, kesho asubuhi, mbele ya watoto, na litagharimu dakika tano. Hapa sioni sababu ya kumtisha mtu.

(Mashine hii inang'aa zaidi kwenye makaratasi ambayo hata sisi tulikuwa tunayaandika ili yakae kwenye faili. Andalio la kumwonyesha mthibiti ubora, taarifa ya robo mwaka, mpango kazi, hotuba ya mgeni rasmi. Labda hilo linatuambia jambo kuhusu makaratasi hayo kuliko kuhusu mashine.)

Kazi ya pili niliishuhudia kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Katibu wetu anaandika kikao kwenye daftari, kwa mwandiko wa haraka na vifupisho anavyovijua mwenyewe. Siku moja akapiga picha kurasa zake, akazipeleka kwenye modeli, akaomba muhtasari rasmi. Uliotoka ulimfurahisha kila mtu. Mahudhurio juu, agenda zimepangwa kwa namba: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, marejesho ya mikopo, mengineyo, kufunga kikao. Tulikuwa hatujawahi kuwa na karatasi inayopendeza vile.

Ulisomwa kwenye kikao kilichofuata, kama ilivyo desturi. Ulipofika kwenye marejesho ukasema kwamba wanachama wote walirejesha kwa wakati. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Jamani, mimi nilitoa nusu. Msinifutie deni, nitakuja kuonekana mwizi baadaye." Daftari likafunguliwa. Pembeni, kwa kalamu, katibu alikuwa ameandika "nusu, nyingine Ijumaa". Halafu mwingine akakumbuka kwamba ule muhtasari uliosemwa ulithibitishwa siku ile haukusomwa kabisa. Mwezi ule tuliruka kipengele hicho ili tuwahi mvua.

Makosa yote mawili ni ya aina moja. Miongoni mwa mihtasari yote ambayo modeli iliwahi kuisoma, ulio mwingi unasema muhtasari uliopita ulithibitishwa, na ulio mwingi una sentensi laini kuhusu marejesho. Kilichotokea kwetu siku ile kilikuwa tofauti kidogo na kawaida, na tofauti ile ndogo ndiyo iliyopigwa pasi. Ukitaka kujua wapi pa kutazama katika karatasi ya mashine, tazama mahali ambapo mambo yako hayakwenda kama ya watu wengine. Nusu rejesho. Tarehe iliyosogezwa. Mtu aliyekataa kusaini.

Kikundi kilinusurika kwa sababu ya utaratibu wa zamani kuliko kompyuta: muhtasari husomwa kwa sauti mbele ya waliokuwepo, na aliyeguswa ana ruhusa ya kunyoosha mkono. Najua vikundi ambavyo, baada ya kupata karatasi zinazopendeza, vimeacha kuzisoma na sasa vinazituma tu kwenye kundi la WhatsApp. Hapo ndipo ningeanza kuogopa. Na kuna suala la pembeni ambalo halikutajwa siku ile: majina ya watu na madeni yao yalikwenda kwenye seva za nje ya nchi bila wenyewe kuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Sidhani kama makatibu wengi wa vikundi wanajua kwamba zinawahusu.

Kazi ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi, nami nitakaa hapo kidogo.

Chukua mlinzi wa kampuni binafsi Dar es Salaam. Mwajiri amemwambia kwa mdomo asirudi kesho. Hana barua, hana mkataba mkononi, ana simu. Anaandika: "Nimefukuzwa kazi bila barua, nifanye nini?" Modeli itamjibu kwa upole kuliko ofisi yoyote aliyowahi kuingia. Itampa pole, itamwambia ana haki, itamwandikia barua ya kudai sababu za kuachishwa, malipo ya notisi, likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi. Mengi ya hayo ni kweli.

Lakini kwa Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kikazi ina siku 60. Mlango wenyewe ni fomu, CMA F1. Kenya ni habari nyingine: Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miaka 3 ya kufungua shauri. Na Kiswahili hakina bendera. Mlinzi hakutaja nchi, kwa sababu nani hutaja nchi yake anapoongea na mtu nyumbani kwake? Hukumu na sheria za Kenya zimekuwa wazi mtandaoni kwa miaka mingi, kwa maandishi yanayosomeka na mashine. Modeli ikichanganya nchi mbili katika aya moja, au ikimshauri aanze kwa barua kwa mwajiri "na kusubiri majibu kwa muda wa kutosha", ushauri unasikika wa busara. Ni aina ya ushauri ambao mzee yeyote mwenye hekima angeutoa. Mlinzi anasubiri. Siku ya 31 kinachobaki ni kuomba tume imruhusu kuchelewa, aeleze sababu za msingi, na "nilishauriwa na simu" sijui kama itapita.

Sasa rudi kwenye lile swali. Nani angeliona kosa hili? Mlinzi hawezi, angekuwa anazijua siku 30 asingeuliza. Mwajiri angeliona, lakini kosa linamfaa. Afisa wa tume ataliona, akiwa ameshapokea karatasi zilizochelewa. Katika mnyororo wote hakuna mtu mwenye nia na uwezo wa kulikamata mapema. Linganisha na mwalimu, linganisha na VICOBA. Modeli ni ileile, Kiswahili ni kilekile, hata ubora wa jibu unaweza kuwa uleule.

Kuna watakaosema mlinzi huyo afadhali asiiguse kabisa. Siungani nao. Njia zake nyingine ni zipi? Wakili hawezi kumlipa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, lakini kwanza ajue kwamba wapo. Shemeji yake atamwambia "mwachie Mungu". Modeli angalau itamtajia kwamba kuna kitu kinaitwa CMA, kwamba "notisi" ni pesa, kwamba kufukuzwa bila kusikilizwa ni kosa. Anaweza kutoka pale na majina ya ofisi na orodha ya maswali: muda wangu ni siku ngapi, naanzia dirisha gani, fomu inaitwaje. Maswali hayo akayapeleke kwa binadamu mwenye mhuri, kesho yake, asisubiri. Akiitumia hivyo imemsaidia kweli. Akiichukua kama jibu, imemchelewesha kwa lugha nzuri.

Serikali ina sehemu yake hapa. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ilisifiwa kwa sababu za utaifa, lakini ina faida nyingine: kila kanuni itakayowekwa wazi kwa Kiswahili, kwa maandishi halisi na si picha ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana, ni kanuni ambayo modeli itaweza kuisoma na mlinzi ataweza kuinakili na kuibandika. Kubandika ndiko kunakobadilisha kazi. Modeli inayotunga kutoka kichwani na modeli inayosoma ukurasa uliopewa ni kama mashine mbili tofauti, na ya pili hukosea mara chache zaidi kuliko ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini isiseme tu "sijui"? Septemba 2025 watafiti wa OpenAI wenyewe walitoa maelezo yanayoeleweka. Modeli hupimwa kwa majaribio yanayotoa alama kwa jibu sahihi na sifuri kwa lisilo sahihi na kwa "sijui" vilevile. Mtahiniwa wa maswali ya kuchagua anajua la kufanya hapo: anaweka alama popote. Modeli imefunzwa kwenye chumba hicho cha mtihani kwa miaka, ikazoea kukisia kwa uso mkavu.

Wala kuihoji yenyewe hakusaidii sana. Mwaka 2023 huko New York, mawakili katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca waliwasilisha mahakamani hukumu ambazo hazijawahi kutolewa, ChatGPT ilizibuni. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama hukumu mojawapo ni ya kweli, ikamjibu kwamba ndiyo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao ni wanasheria, wenye maktaba na kompyuta na Kiingereza chao cha kuzaliwa.

Kuhusu faida, ushahidi upo na haupaswi kubezwa. Utafiti uliotoka mwaka 2023 kuhusu wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 ulikuta kwamba waliopewa msaidizi wa akili mnemba walimaliza masuala mengi zaidi kwa asilimia 14 kwa wastani. Wageni wa kazi walipanda kwa asilimia 34, wakongwe karibu hawakusogea. Inaeleweka: msaidizi yule alikuwa amejifunza kutoka kwa mazungumzo ya wahudumu wazuri, na jibu baya lilikutana papo hapo na mteja aliyeko upande wa pili akisema "hapana, bado haifanyi kazi". Mwaka huohuo washauri 758 wa kampuni ya ushauri wa biashara ya Boston Consulting Group walijaribiwa. Kwenye kazi zinazoifaa modeli walikuwa wepesi kwa robo na ubora ukapanda. Kwenye kazi moja iliyotegwa makusudi nje ya uwezo wake, walioitumia walipata jibu sahihi kwa uchache zaidi kuliko walioachwa na akili zao, tofauti ya pointi 19 za asilimia.

Na usijiamini sana unaposema "mimi inanisaidia". Mwaka 2025 taasisi ya METR iliwapima waandishi 16 wa programu wenye uzoefu, kwenye miradi wanayoijua vizuri. Walipotumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19. Walipoulizwa baadaye, walikadiria kwamba imewaharakisha kwa asilimia 20. Waandishi 16 ni wachache na zana zimebadilika tangu hapo, lakini pengo kati ya hisia na saa ya ukutani ni kubwa mno kulipuuza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki Marekani. Uko Nairobi, kwenye kliniki za Penda Health. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti waliofanya pamoja na OpenAI katika kliniki 15, kwa mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Tabibu aliendelea kufanya kazi yake kama kawaida: kusikiliza, kupima, kuandika. Modeli ilisoma nyuma yake kile alichoandika, ikawasha kijani kama haikuona tatizo, njano kama kuna la kuangalia, nyekundu kama kuna hatari, na uamuzi ukabaki kwa tabibu. Makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Wagonjwa wenyewe, walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, hawakuonyesha tofauti iliyo wazi kitakwimu, na watafiti walilisema hilo bila kulificha.

Angalia jinsi kazi ilivyopangwa. Binadamu anatangulia, mashine inafuata na kunyoosha kidole, halafu binadamu anaamua. Ikikosea, ikawasha nyekundu bila sababu, aliye mbele yake ana stethoskopu na ana mgonjwa, atalikamata. Na hata hivyo haikutosha kuisimika tu. Ilibidi watu wapite kliniki hadi kliniki kuwafundisha matabibu na kufuatilia nani anapuuza taa nyekundu. Mama anayemwuliza simu yake usiku kuhusu homa ya mtoto anatumia mashine ya aina hiyohiyo, ila kwake imetangulia, na hakuna anayefuata. Ningependa wanaosambaza takwimu za Penda kama tangazo la "daktari wa kwenye simu" wazisome tena.

Kisha kuna bei, jambo ambalo wachambuzi wetu wengi wenye kadi za benki hulisahau. Matoleo bora hulipiwa. ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, pesa ambayo kwa mlinzi wetu ni sehemu nzito ya mshahara. Yeye anatumia la bure, ambalo aghalabu hupewa modeli ndogo au kufungwa mapema siku ya matumizi mengi. Mwenye wakili, maktaba na rafiki daktari anapata mashine inayokosea kidogo. Asiye na yeyote wa kumuuliza anapata inayokosea zaidi.

Na sasa benki, kampuni za simu na mashirika mengine yanaweka mashine hizi mbele ya wateja, ili tuongee nazo kabla ya kumfikia mtu, kama tutamfikia. Swali la nani analipa kosa halitabaki la nadharia kwa muda mrefu. Kanada wameshalijibu kwa sehemu. Abiria wa Air Canada aliyefiwa na bibi yake aliiuliza roboti ya shirika hilo kuhusu nauli nafuu ya msiba, ikamwambia anunue tiketi kisha aombe kurejeshewa tofauti baadaye. Shirika lilikataa kurejesha, likisema taratibu zake haziruhusu hivyo. Kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia lilitoa hoja ambayo, kwa tafsiri ya mjumbe aliyeamua shauri, ilikuwa sawa na kudai kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likaikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe zaidi kidogo ya dola 812 za Kanada.

Alikuwa amehifadhi picha ya skrini ya mazungumzo yale.